Kuendesha Vifaa Vidogo vya Umeme ndani ya Gari la Kambi kwa Betri na Inveta: Mwongozo Kamili

Wengi wanaotaka kuweka umeme ndani ya gari la kambi, yaani gari lenye kitanda na jiko lake, huanza kwa kununua inveta, na huchagua kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu. Hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Inveta haizalishi umeme. Kazi yake ni kuuchukua umeme wa betri, ambao ni wa DC wa volti 12, na kuugeuza kuwa umeme wa AC kama ule wa nyumbani, na katika kuugeuza huko hupoteza sehemu yake kwa njia ya joto. Inveta ya wati 3,000 iliyofungwa kwenye betri ndogo kwa waya mwembamba haitatoa wati 3,000 hata kwa dakika moja. Itazima, au itauchemsha waya. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye matumizi, unakwenda kwenye betri, na inveta inachaguliwa baada ya hayo kujulikana.

Vipimo utakavyovitumia ni vichache. Volti ni msukumo wa umeme, ampea ni wingi wa mkondo unaopita kwenye waya, na wati ni nguvu, ambayo hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea. Kifaa cha wati 60 kikiwaka kwa saa 3 hutumia wati-saa 180. Betri huandikwa kwa ampea-saa. Ukizidisha ampea-saa kwa volti unapata wati-saa, hivyo betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina takribani wati-saa 1,200. Ninashauri hesabu zote zifanywe kwa wati-saa, kwa kuwa kipimo hicho hakibadiliki umeme unapotoka volti 12 kwenda volti 230 au 120.

Hatua ya kwanza: hesabu matumizi ya siku nzima

Chukua karatasi na uandike kila kifaa, wati zake, na saa kitakazofanya kazi kwa siku. Wati huandikwa kwenye kibandiko kilicho nyuma au chini ya kifaa. Jihadhari na maikrowevu: ile namba 800 iliyoandikwa mlangoni ni nguvu inayoingia kwenye chakula, ilhali umeme ambao mashine inauvuta ni karibu wati 1,200 au zaidi.

Tuchukue mfano wa watu wawili. Friji ndogo ya kompresa ya volti 12 huvuta wati 45 inapofanya kazi, lakini haifanyi kazi muda wote. Tukikadiria kwamba kompresa inazunguka asilimia 40 ya siku, tunapata wati-saa 432. Taa tatu za LED za wati 4 kila moja kwa saa 4 ni wati-saa 48. Feni ya wati 15 kwa saa 6 ni 90. Pampu ya maji ya wati 60, kwa dakika 10 za matumizi ya siku, ni 10. Simu mbili ni kama 30. Jumla ya vifaa vinavyokula umeme wa volti 12 bila kupitia inveta ni wati-saa 610.

Kisha viko vya AC. Kompyuta ya mapajani ya wati 50 kwa saa 3 ni wati-saa 150. Birika la umeme la wati 1,000 linastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu watu huliogopa kupita kiasi au hulidharau kabisa. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 za Selsiasi kunahitaji wati-saa 93, na hakuna birika litakalopunguza hesabu hiyo, kwa kuwa ni tabia ya maji yenyewe. Ukiongeza joto linalopotea unafika takribani 110, na kwa lita mbili kwa siku ni 220. Birika, basi, halitumii umeme mwingi kwa siku kuliko friji. Tatizo lake ni kwamba linautaka wote ndani ya dakika chache, na mahitaji hayo ya ghafla ndiyo yatakayoamua ukubwa wa inveta, unene wa waya na aina ya betri.

Vifaa vya AC vinafika wati-saa 370. Inveta nyingi nzuri hufanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 85 hadi 93. Tukichukua 88, betri itatoa wati-saa 420 ili vifaa vipate 370. Bado kuna umeme ambao inveta yenyewe hula ikiwa imewashwa tu bila kazi, ambao kwa inveta ya ukubwa wa kati huweza kuwa wati 10 au 15. Ikiwashwa kwa saa 4 kwa siku ni kama wati-saa 40. Ikiachwa imewaka usiku na mchana kwa wati 15 itakula 360, karibu sawa na friji nzima, na wengi wanaolalamika kwamba betri yao mpya ni mbovu wanaibiwa umeme wao hapa. Jumla ya siku katika mfano wetu ni wati-saa 1,070.

Hatua ya pili: ondoa kwenye inveta kila kinachoweza kuondolewa

Taa, feni, pampu, friji na chaja za simu vinapatikana kwa volti 12, na vikifungwa moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi zake havina haja ya inveta. Hata kompyuta nyingi za sasa huchajiwa kwa chaja ya USB-C inayoingia kwenye soketi ya volti 12. Faida kubwa ni kwamba inveta inaweza kubaki imezimwa, ikawashwa kwa zile dakika 15 za birika tu.

Kuhusu hita ya umeme ya kupasha hewa ya gari, maoni yangu ni kwamba isahauliwe kabisa. Wati 1,500 kwa saa moja tu ni zaidi ya matumizi yote ya siku tuliyoyahesabu.

Hatua ya tatu: chagua betri

Usitumie betri ya kuwashia injini. Bamba zake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache na kujazwa tena papo hapo. Ukiishusha sana mara kwa mara itakufa mapema, na asubuhi injini haitawaka. Betri ya makazi iwe ya pekee, nayo iwe ya kutumika kwa muda mrefu.

Uchaguzi ni kati ya betri za risasi, zikiwemo zile za kuongeza maji na zile zilizozibwa za AGM na jeli, na betri za lithiamu za aina ya LiFePO4. Betri ya risasi haipendi kushushwa chini ya nusu. Anayeishusha zaidi kila siku anafupisha maisha yake. Tena ujazo ulioandikwa juu yake kwa kawaida ni ule unaopatikana ikitumiwa polepole kwa saa 20. Ukiivuta kwa nguvu, kama birika linavyofanya, inatoa pungufu ya hapo na volti zake zinaanguka. LiFePO4 hutoa asilimia 80 au zaidi ya ujazo wake bila madhara, haijali sana kasi ya kuvutwa, na uzito wake ni chini ya nusu: betri ya ampea-saa 100 huwa na kilo 10 hadi 13, ilhali ya AGM hukaribia 30.

Tuseme unataka kukaa siku mbili bila kuchaji, yaani wati-saa 2,140. Kwa betri za risasi utahitaji mara mbili ya hapo, wati-saa 4,280, ambazo ni ampea-saa 357 kwa volti 12. Kwa kawaida utanunua betri nne za ampea-saa 100, na gari litabeba zaidi ya kilo 110. Kwa LiFePO4, yenye volti 12.8, ampea-saa 200 zinakaribia kutosha kabisa, kwa kilo 25 hivi. Bei ya kununua ni kubwa zaidi, lakini kwa anayetaka kutumia birika au maikrowevu sioni sababu ya kuchagua nyingine. Kwa mwenye taa, feni na simu tu, AGM moja inamtosha vizuri.

Jambo moja kuhusu lithiamu huwakwaza hata watu wazoefu. Ndani ya kila betri ya LiFePO4 kuna saketi ya ulinzi iitwayo BMS, na saketi hiyo ina kikomo cha mkondo. Betri ya ampea-saa 100 yenye BMS ya ampea 100 haiwezi kuendesha zaidi ya wati 1,100 hivi za AC, hata ukiifungia inveta ya wati 3,000. Ikizidishiwa hujikata yenyewe, na gari zima huingia gizani, taa zikiwemo. Soma namba hiyo kabla ya kulipa. Betri mbili za namna hiyo zikiunganishwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, hugawana mzigo, mradi ziwe za aina moja, ujazo mmoja na umri mmoja. Waya chanya wa inveta utoke kwenye betri moja na waya hasi utoke kwenye betri nyingine, ili zote mbili zifanye kazi sawasawa.

Hatua ya nne: chagua inveta

Jumlisha vifaa vya AC vitakavyowaka kwa wakati mmoja. Kwetu ni birika na kompyuta, wati 1,050, kwa hiyo inveta ya wati 1,500 za mfululizo inatosha na kubakiza nafasi. Sisitiza neno mfululizo, kwa kuwa baadhi ya wauzaji huandika kwa herufi kubwa ile nguvu ya kilele, ambayo inveta huimudu kwa sekunde chache tu. Kilele kina kazi yake: vifaa vyenye mota au kompresa huvuta mara kadhaa ya wati zake vinapoanza kuzunguka.

Nunua inveta ya wimbi safi, yaani ile ambayo umeme wake hupanda na kushuka kwa ulaini kama ule wa nyumbani. Zile za bei ya chini hutoa wimbi la ngazi, ambalo balbu na birika havilijali, lakini mota hupata joto na kunguruma, baadhi ya chaja huharibika, na maikrowevu hupika kwa unyonge. Hakikisha pia kwamba volti na hetzi zake zinalingana na vifaa vyako, ama 230 na 50, ama 120 na 60.

Kuhusu inveta ndogo zinazochomekwa kwenye soketi ya kiberiti cha gari: soketi hiyo kwa kawaida ina fyuzi ya ampea 10 hadi 15, hivyo wati 120 hadi 150 ndio mwisho wake.

Hatua ya tano: nyaya na fyuzi

Hapa ndipo ninapoomba msomaji asiharakishe, kwa sababu moto mwingi unaoweza kutokea katika mfumo huu huanzia kwenye waya, wala si kwenye betri au inveta. Nyumbani kwenye volti 230, birika la wati 1,000 huvuta ampea zipatazo 4.3, na waya wake ni mwembamba. Birika hilohilo na kompyuta vikipitia inveta huvuta kutoka kwenye betri ya volti 12 takribani ampea 95, na inveta ya wati 1,500 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote huvuta zaidi ya 140.

Tuone maana yake kwa hesabu. Shaba ya unene wa milimita 6 za mraba ina ukinzani wa karibu omu 0.0029 kwa kila mita. Inveta ikiwa mita moja na nusu kutoka kwenye betri, kwenda na kurudi ni mita 3. Kwa ampea 95, waya huo utapoteza volti 0.83, na wati 79 zitakuwa joto ndani ya waya wenyewe, uliofungiwa nyuma ya mbao za kabati. Ukitumia milimita 50 za mraba, kinachopotea ni volti 0.1 na wati zisizofika 10. Niliwahi kuushika waya wa inveta yangu ya kwanza baada ya kuchemsha chai na nikaondoa mkono kwa haraka. Ulikuwa waya uliokuja ndani ya boksi pamoja na inveta, nami nilidhani mtengenezaji hawezi kukosea. Tangu hapo hupima mwenyewe.

Kwa inveta ya wati 1,500 na umbali wa mita moja na nusu, weka milimita 50 za mraba. Tumia waya wa shaba tupu wenye nyuzi nyingi laini. Waya wa uzi mmoja hukatika kwa mtikisiko, na waya wa alumini uliopakwa shaba una ukinzani mkubwa kuliko unavyoonekana. Punguza umbali kadiri iwezekanavyo, maana kila mita iliyopunguzwa ni faida isiyo na gharama. Ukihitaji inveta ya wati 3,000 au zaidi, fikiria mfumo wa volti 24, ambao hupunguza mkondo kwa nusu.

Fyuzi huwekwa kwa ajili ya kuulinda waya. Kwa hiyo iwe kubwa kuliko mkondo wa kawaida, ili isikatike ovyo, na iwe ndogo kuliko mkondo ambao waya unaweza kuubeba kwa usalama. Mkondo wetu wa juu ni kama ampea 142. Ukiuongeza kwa robo unapata 177, hivyo fyuzi ya ampea 175 au 200 inafaa, baada ya kuthibitisha katika jedwali la mtengenezaji kwamba waya wako unazidi hapo. Ikae kwenye waya chanya, ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri, kwa sababu kipande kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote. Kwa betri za lithiamu chagua fyuzi ya aina ya Class T: lithiamu ikipata shoti hutoa maelfu ya ampea, na fyuzi dhaifu inaweza kuyeyuka huku cheche zikiendelea kuruka ndani yake. Baada ya fyuzi weka swichi kuu ya kukata umeme. Vifaa vya volti 12 vipewe sanduku lao la fyuzi, kila njia na fyuzi yake.

Hatua ya sita: kufunga

Betri ifungwe kwa mikanda au vyuma vilivyoshikwa kwenye sakafu ya gari, kwani kitu cha kilo 25 ambacho hakikufungwa huruka kama jiwe gari likigonga. Betri ya kuongeza maji hutoa haidrojeni inapochajiwa, gesi ambayo huweza kulipuka ikifikia asilimia 4 ya hewa. Iwe ndani ya sanduku lenye bomba la kutolea gesi nje, na inveta isiwekwe juu yake. Inveta yenyewe inahitaji hewa pande zote, kwa hiyo usiizike chini ya magodoro na nguo.

Vua pete na saa. Swichi kuu ikiwa imezimwa na fyuzi ikiwa haijawekwa, bana vichwa vya shaba kwenye ncha za waya kwa koleo maalumu la kubania. Kulehemu kwa risasi peke yake hakutoshi kwa gari linalotikisika. Unganisha nyaya zote za upande wa inveta, kisha chanya ya betri, na hasi ya betri iwe ya mwisho. Wakati wa kufungua anza na hasi. Mara ya kwanza umeme unapoingia kwenye inveta cheche ndogo huweza kutokea kwa sababu ya kapasita, yaani vihifadhi vidogo vya chaji, zilizo ndani yake. Hiyo ni kawaida. Kaza boliti kwa nguvu iliyotajwa na mtengenezaji, na uzikaze tena baada ya safari ya kwanza.

Upande wa AC unaua kama umeme wa nyumbani unavyoua. Kamwe usichomeke soketi ya inveta kwenye tundu ambalo gari hupokelea umeme wa nje. Kama unataka vyanzo vyote viwili vitumie soketi zilezile, lazima kuwe na swichi ya kubadilisha inayohakikisha haviwezi kukutana. Swichi ya kukata umeme unapovuja nayo inategemea namna nyutro ya inveta ilivyounganishwa na waya wa ethi, jambo linalotofautiana kati ya inveta na inveta. Sehemu hii mwachie fundi umeme aliyesomea kazi hiyo, hata kama mengine yote umeyafanya mwenyewe.

Hatua ya saba: kurudisha umeme uliotumika

Kila siku unatoa wati-saa 1,070, na lazima zirudi. Paneli za sola za wati 300, zikipata jua linalolingana na saa 4 za jua kali na zikipoteza robo njiani, hurudisha kama 900. Pengo hujazwa na alteneta, yaani jenereta inayozungushwa na injini ya gari, wakati wa kuendesha. Usiiunganishe alteneta moja kwa moja na betri ya lithiamu, kwa kuwa betri hiyo hupokea mkondo mkubwa bila kusita na alteneta inaweza kuungua. Weka kati yao chaja ya DC kwa DC. Chaja ya ampea 30 hutoa karibu wati 400, hivyo saa tatu za barabarani hurudisha matumizi ya siku nzima.

Kila chaja iwekwe kwenye mpangilio wa betri uliyo nayo. Betri ya risasi huhitaji saa kadhaa za kumalizia ile asilimia 20 ya mwisho, na ikiachwa nusu tupu kwa wiki kadhaa bamba zake huota salfati isiyotoka. LiFePO4 haina madai hayo, lakini isichajiwe ikiwa baridi imeshuka chini ya nyuzi 0, kwa kuwa lithiamu hugandamana ndani ya seli na kuziharibu moja kwa moja. Kwa safari za nchi za baridi nunua betri yenye BMS inayozuia chaji katika hali hiyo.

Hatua ya nane: jaribu kabla ya kusafiri

Chaji betri hadi ijae, washa inveta, kisha anza na mzigo mdogo kama kompyuta. Baadaye washa birika likiwa na maji, na wakati linachemka pima volti kwenye nguzo za betri, halafu kwenye nguzo za inveta. Tofauti ikizidi volti 0.3, kuna waya mwembamba au kiungo kilicholegea. Zima kila kitu, ondoa umeme, na upapase kila kiungo: kilicho cha moto kuliko vingine ndicho chenye kasoro, nacho kisafishwe na kubanwa upya.

Ili kujua umeme uliobaki, volti zinasaidia kwa betri ya risasi iliyopumzika kwa saa kadhaa: 12.7 ni imejaa, 12.2 ni karibu nusu. Usitegemee kengele ya inveta, ambayo katika inveta nyingi husubiri volti 10.5 hivi kabla ya kuzima, na hapo betri ya risasi imeshaumia. Kwa lithiamu volti hubadilika kidogo mno kati ya asilimia 90 na 20, kwa hiyo funga kipimo chenye shanti, yaani kipande cha ukinzani mdogo cha kupimia mkondo, kwenye waya hasi, kinachohesabu kila ampea inayoingia na kutoka.

Gari likilala kwa miezi, zima swichi kuu. Betri ya risasi iachwe imejaa na ichajiwe tena kila baada ya mwezi au miwili. Ya lithiamu iachwe karibu na nusu, mahali pasipo na joto kali.